Mwakilishi wa jamii katika utafiti wa KEMRI Kilifi ana kazi gani hasa?

Mkazi: Ndugu zangu, nimependekezwa barazani niwe mwakilishi wa kujitolea katika utafiti wa KEMRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, shirika la hisani la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya. Je, nitatakiwa kuwashawishi majirani wakubali watoto wao watolewe damu?

Mama Subira: La, dada. Kila mzazi huamua mwenyewe baada ya kuelezwa, na anaweza kujitoa wakati wowote. Wewe unapeleka maoni ya wenzako kwa watafiti na kuwarudishia majibu. Mama akiuliza kwa nini mtoto asiyeumwa ametolewa damu ya kujaa kijiko cha chai, swali lake lifike kikaoni kama alivyolisema, hata likiwa kali.

Mzee wa Mtaa: Naungana na Mama Subira. Kituo cha utafiti cha Kilifi kipo tangu 1989, na chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa huko pia kabla ya Shirika la Afya Duniani kuipendekeza mwaka 2021, lakini uvumi wa damu kuuzwa hauondolewi na sifa hizo, bali na mtu anayeaminika kijijini. Uliza mapema kuhusu nauli, kwani kazi hii haina mshahara.

Mkazi: Ahsanteni. Nitakubali.