Spidi ya dijitali inasoma 0 tangu tairi la mbele lifunguliwe kuzibwa pancha, vingine vyote vizima

Nkuhungu_150
Wakuu, salaam. Pikipiki ni cc 150, dashibodi ya dijitali, sensa ya spidi iko tairi la mbele upande wa kushoto, soketi yake ina waya tatu. Tangu tairi lifunguliwe kuzibwa pancha, spidi inasoma 0 muda wote na kilomita hazihesabu. RPM (mizunguko ya injini), namba ya gia, geji ya mafuta na indiketa viko sawa. Fyuzi nzima. Betri ina volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na 14.2 ikiwa inanguruma. Nimeambiwa dashibodi imekufa, ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela, naanzia wapi? Multimita ninayo.

WayaTatu
Mkuu, hela kaa nayo kwanza. RPM na geji zinasoma, kwa hiyo umeme na ethi (negativu) vinaifikia dashibodi. Spidi na kilomita zikisimama kwa pamoja, mara nyingi ni mapigo ya umeme kutoka kwenye sensa ya tairi ndiyo hayafiki. Na kwa kuwa limeanza baada ya pancha, mimi ningepiga magoti pale kwenye ekseli kabla ya kugusa kitu kingine.

Lile dude la duara lenye waya, gia ya spidi, ambalo sensa imo ndani yake, lina mfereji kwenye ganda lake. Mfereji huo lazima ukalie kinundu kilichopo chini ya shokapu ya kushoto. Likifungwa nje ya kinundu, dude linaweza kuzunguka na tairi, waya ukajisokota na kukatika. Ukiona waya umevutika au ganda lina michubuko mipya, umeshapata jibu nusu.

Kama limekaa vizuri, sasa pima. Inua tairi la mbele lizunguke huru, washa swichi, injini usiwashe. Multimita iweke kwenye volti, DC 20. Usichomoe soketi ya sensa, ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi, penye mpira wa waya. Waya mweusi wa mita uwe kwenye negativu ya betri.

Waya mmoja utasoma karibu 0, hiyo ni ethi. Mwingine utakaa kwenye 5 au 12 bila kuyumba, huo ni wa kulisha sensa. Wa tatu ndio wa taarifa. Rangi za waya usiziamini, kila kiwanda kina zake, amini mita. Bandika kwenye huo wa tatu, kisha zungusha tairi kwa mkono polepole sana. Sensa nzima itapanda na kushuka: karibu 0, halafu 5 (au 12), halafu 0 tena. Ukizungusha haraka mita ya kawaida haiwezi kufuata, itaonyesha kitu cha katikati kama 2.5, hapo usidhani ni ubovu.

Lete namba hapa.

Boda_wa_Makole
Njia fupi: chukua taa ya kupimia, ile ya balbu, gusa kila waya. Usiowaka ndio mbovu. Au lisha sensa moja kwa moja kutoka betri uone kama spidi itaamka.

Soketi_Kizota
Kaka, hapo utamuua mtu sensa. Balbu ya kupimia inavuta mkondo mkubwa mno kwa kitransista kilichomo ndani ya sensa ya aina hii, na ikigusa waya wa taarifa sensa nzima inaweza kuungua palepale. Kulisha kutoka betri nako ni kubahatisha: ikiwa sensa yake ni ya volti 5, ukiipa 12 umeipoteza, na umeme huo ukirudi kwa waya wa taarifa unaichoma na dashibodi. Ndipo ile dashibodi aliyoambiwa imekufa itakufa kweli.

Kwa mwenye mada, upo uwezekano wa kuipima dashibodi peke yake, bila sensa. Chomoa soketi ya sensa, washa swichi. Upande unaokwenda kwenye dashibodi pima waya wa taarifa: ukikuta volti 5 au 12 imesimama, dashibodi yenyewe ndiyo inayotoa umeme huo, na sensa kazi yake ni kuushusha hadi ethi kila sumaku inapopita. Chukua rezista (kipunguza mkondo) ya kilo-om 1, upande mmoja ushike ethi, upande wa pili gusagusa waya wa taarifa haraka haraka. Namba ya spidi ikiruka kutoka 0, dashibodi ni nzima na waya mpaka hapo ni mzima.

Usishangae ikitokea namba ndogo. Tairi la saizi 2.75-18 likizunguka mara moja linatembea kama mita 1.87. Kama sensa inatoa pigo moja kwa mzunguko, kugusa mara mbili kwa sekunde ni kama km 13 kwa saa. Kama inatoa mapigo manne, ni km 3 tu, na dashibodi nyingine spidi ndogo hivyo hazionyeshi kabisa. Ongeza kasi ya mkono.

Ukikuta hakuna volti yoyote kwenye waya wa taarifa, usihukumu bado. Zipo sensa zinazotoa umeme zenyewe, na hapo dashibodi haina cha kuonyesha soketi ikiwa wazi.

Shingo_ya_Usukani
Mmesahau shingo. Waya wa sensa unapanda na shokapu, unapita kwenye shingo ya usukani kabla ya kuingia nyuma ya taa kubwa. Pale ndipo unapokunjwa kila ukikata kona, na shaba inakatika ndani huku mpira wa nje ukiwa mzima. Zungusha tairi, mwingine ashike usukani aupeleke kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Spidi ikija na kupotea kwa kufuata usukani, usitafute kwingine. Ukiunga, lehemu kwa risasi na uvalishe mpira wa kusinyaa. Kusokota waya na kuzungushia tepu hakumalizi mwezi kwenye rafu za huku kwetu, na uache waya ulegee kidogo pale shingoni.

Soketi nazo ziangaliwe. Vumbi la Dodoma kavu halina neno, shida ni mvua za Desemba mpaka Aprili na zile mashine za presha za kuoshea. Maji yanaingia soketini, vumbi linakuwa tope, vipini vinaota kutu ya kijani. Ila kwa dalili za huyu ndugu, kutu ingeleta spidi ya kuja na kupotea. Sifuri ya moja kwa moja siku ileile ya pancha inanuka mkono wa fundi.

Nkuhungu_150
Asanteni wakuu. Majibu haya:
Mfereji umekaa kwenye kinundu, waya haujavutika. Wa kulisha volti 4.96, ethi 0.02, wa taarifa 4.91. Nimezungusha tairi polepole mizunguko kama kumi, 4.91 haijashuka hata mara moja. Usukani kulia kushoto, vilevile. Jaribio la rezista: spidi ilipanda mpaka 9 nikigusagusa. Kwa hiyo sensa ndiyo imekufa?

WayaTatu
Bado. 4.91 iliyosimama ina maana mbili: sensa imekufa, au sensa ni nzima lakini sumaku iliyo ndani haizunguki. Kuzitenganisha ni dakika kumi. Legeza nati ya ekseli, chomoa ekseli, toa gia ya spidi ikiwa bado imeunganishwa na soketi yake. Shika ile ringi ya ndani, izungushe kwa kidole huku mita iko kwenye waya wa taarifa. Ikipanda na kushuka, sensa iko hai na ubaya uko kati ya ringi na habu (kitovu cha tairi).

Breki ya mbele usiiguse ukiwa umetoa tairi, hasa kama ni ya diski, pistoni zitatoka.

Nkuhungu_150
Kwa kidole inacheza: 0.08, 4.91, 0.08, 4.91. Mara nne kwa mzunguko mmoja wa ringi. Ringi ina masikio mawili ya bati, yote yamelala.

WayaTatu
Ndiyo hayo. Masikio hayo mawili huingia kwenye nafasi mbili zilizoko kwenye habu, na habu ndiyo inayoisukuma ringi. Fundi pancha alirudisha tairi bila kuyalenga, yakakaa juu ya ukingo, alipokaza nati yakalala. Tangu hapo tairi linazunguka, ringi imetulia tuli.

Kama bati halijapasuka kwenye mkunjo, nyoosha kwa koleo la mdomo mwembamba, taratibu, mara moja tu. Ukilipindisha kwenda na kurudi litakatika. Lililopasuka halina dawa, nunua gia ya spidi kamili, na ukienda dukani beba ya zamani. Linganisha vitu vitatu: kipenyo cha ekseli, umbo la masikio, na idadi ya mapigo kwa mzunguko. Yako ni manne. Ukifungiwa ya mapigo mawili, kwenye 60 halisi itasoma 30, na tochi za trafiki njia ya Morogoro hazitakuuliza dashibodi yako ilisoma ngapi.

Kabla ya kurudisha futa grisi ya zamani yote, ile iliyochanganyika na vumbi inasaga kama msasa, na sumaku huwa imekusanya unga wa chuma. Grisi mpya kiasi cha punje ya harage inatosha, usijaze. Paka kwenye ringi na mdomo wa sili (mpira wa kuzuia vumbi).

Kurudisha: bandika gia kwenye habu kwanza, izungushe mpaka uhisi imezama, isimame sawa na ukingo bila pengo. Ndipo uingize tairi kwenye shokapu, mfereji juu ya kinundu, pitisha ekseli. Usikaze bado. Zungusha tairi mita ikiwa soketini, ukiona 0 na 5 zinapishana ndipo ukaze.

Soketi_Kizota
Nyongeza ndogo. Ukimaliza, linganisha na GPS ya simu kwenye lami iliyonyooka, spidi moja kwa dakika nzima. Spidi ya dashibodi ikizidi GPS kwa km 2 au 4 kwenye 60, iache, viwanda huziweka zisome juu kidogo. Ukiwa umebadili tairi la mbele kutoka 2.75-18 kwenda 3.00-18 dashibodi itasoma chini kwa kama asilimia 2. Na kwa wengine watakaosoma: hayo ni ya sensa ya tairi la mbele. Sensa ikiwa kwenye giaboksi, sproketi ya mbele (gia ya mnyororo) ndiyo inayoharibu hesabu. Ukitoa meno 14 ukaweka 15, dashibodi inasoma 50 wakati unakwenda karibu 54.

Nkuhungu_150
Sikio moja limenyooka, la pili limebaki mkononi. Naenda dukani na ya zamani mfukoni.