Myuziamu zetu: tuhesabu wanaoingia getini au wanaopitisha kidole kwenye simu?

Mwenye mada, Kamwokya:

Ndugu zangu naleta hili tubishane bila matusi. Juzi nilialikwa kikao kimoja cha mambo ya utamaduni, sitataja cha nani, kijana akasimama na projekta yake akatuonyesha kwamba kurasa zao za mtandaoni eti "zimefikia" watu wengi mara nyingi kuliko waliokata tiketi mwaka mzima, ukumbi ukapiga makofi, mimi nimekunja mikono najiuliza hao watu wamefikiwa wakiwa wapi na wakifanya nini.

Maana mimi nakaa jirani na Uganda Museum, pale barabara ya Kira, wanaokuja nawaona kwa macho. Mtu anashuka teksi, anatembea, analipa, anaingia kwenye lile jumba alilochora Mjerumani Ernst May likafunguliwa 1954, akibahatika anakuta mtu anapiga amadinda, ile marimba ya mbao, upande wa ala za muziki na ule mlio wa mti anausikia mpaka kifuani. Huyo ni mtu mmoja. Halafu kuna mwingine amekwama kwenye jam ya Wandegeya, video ya amadinda hizohizo imempitia kwenye simu, na Facebook ikifika sekunde tatu tu wanaandika huyu ametazama. Sekunde tatu! Yai la rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, hata halijashika kikaango. Na huyo naye ni mtu mmoja?

Msimamo wangu: hesabu ya mtandaoni isiingie kabisa kwenye ripoti ya kuombea bajeti. Anayepinga karibu.

Mwalimu, Masindi:

Ndugu wa Kamwokya nakuheshimu lakini hilo geti unaliamini kupita kiasi. Mimi nimepeleka watoto Kampala mara nyingi tu, ngoja nikwambie ziara inavyokuwa. Tunaondoka saa tisa usiku, ratiba ina Bunge, ina Entebbe wanyama na ndege, myuziamu imebanwa katikati kama nyanya kwenye chapati, tunafika watoto wana njaa na wamechoka, wanapita mbio, huyu anamsukuma yule, wanakimbilia kuona magari ya zamani, ikifika nusu saa nawapigia filimbi turudi kwenye basi. Safari moja walikuwepo wawili ambao hawakushuka kabisa, walilala viti vya nyuma tangu Luweero na mimi sikugundua mpaka tunahesabu kuondoka. Tiketi zao zilishakatwa! Kwenye vitabu wale ni wageni wawili wa makumbusho ya taifa.

Na unajua kwamba wanafunzi ndio wengi kwenye hesabu ya pale. Ni watoto waliopelekwa, wazazi wamelipa na shule imeamua. Mtoto anayetafuta mwenyewe usiku kwenye simu ya mama yake jinsi barkcloth, kile kitambaa cha gome la mti, inavyotengenezwa, huyo kaamua mwenyewe. Sasa nani mgeni wa kweli?

Fundi kompyuta, Ntinda:

Mwalimu hao wawili wa kwenye basi nimewapenda 😂

Tuje kwenye mambo yangu. Mwenye mada uko sawa kwamba namba za mtandao zina uongo ila umeshika uongo mdogo, mkubwa huu hapa. Facebook hapa ilifungwa Januari 2021 siku chache kabla ya uchaguzi na sisi tukazoea VPN, ile programu ya kuficha uko nchi gani, sasa mimi nimekaa Ntinda nakula muhogo, mtandao unasoma niko Uholanzi. Bibi yangu yuko Mukono, mtandao unasoma yuko Ujerumani. Kwa hiyo mtu wa makumbusho akifungua takwimu za ukurasa wake ataona Wazungu wanatupenda sana kumbe ni sisi wenyewe, na ataandika ripoti ya kuongeza maelezo ya Kiingereza kwa ajili ya mashabiki wa Ulaya ambao ni bibi yangu.

Halafu mtu mmoja mwenye simu mbili na laptopu anahesabiwa watu watatu, familia ya watu saba yenye simu moja inahesabiwa mtu mmoja, na roboti zinazozunguka mtandaoni usiku kucha nazo zinaingia humohumo usipozichuja. Nimetengeneza tovuti za watu, naongea ninachokijua.

Lakini hebu tuangalie Louvre ya Paris maana wao namba wanazitoa. 2019 waliingia mlangoni watu kama milioni 9.6, na tovuti yao ikapata kama milioni 14.1. 2020 korona ikafunga milango, wakaingia milioni 2.7, tovuti ikapanda mpaka kama milioni 21. Sasa chukua kalkuleta ujumlishe kama yule kijana wa projekta. 2019 unapata 23.7. 2020 unapata 23.7. Yaani kwa hesabu hiyo mwaka ule hakuna kilichotokea, hakuna ugonjwa, hakuna milango iliyofungwa, hakuna tiketi zilizopotea, kila kitu shwari kabisa. Nilipopiga hiyo hesabu mara ya kwanza nilicheka peke yangu ofisini.

Mwenye mada, Kamwokya:

Ssebo hiyo ya Louvre umenipa silaha mwenyewe. Ndiyo hiyohiyo nasema, vitu viwili haviwekwi kwenye mzani mmoja. Ni kama kujumlisha waliokuja kwenye harusi na walioona picha za harusi kwenye status, chakula kimeliwa na wale wa kwanza tu.

Mwalimu nimekusikia, geti nalo linadanganya, lakini wale watoto wawili angalau walifika mpaka kwenye uwanja lol.

Mjukuu wa Kasubi:

Samahani naingia kwa ukali kidogo kwa sababu hii inanigusa.

Nyumba ile kubwa ya Kasubi, Muzibu Azaala Mpanga, walipozikwa Kabaka wanne, wafalme wetu wa Buganda, iliungua jioni ya tarehe 16 Machi 2010. Mimi niliona moto kwa macho, watu wazima wanalia barabarani kama watoto. Sasa mwaka mmoja kabla, 2009, watu wa CyArk, shirika la kuhifadhi urithi kwa kompyuta, walikuwa wameshaipima nyumba hiyo kwa leza, kila pembe, na kazi ile ikabaki kwenye kompyuta. Nyumba imejengwa upya, na 2023 UNESCO waliitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, tunashukuru. Lakini ukitaka kuiona ile ya kabla ya moto utaingilia geti gani? Halipo. Lililopo ni skrini tu. Kwa hiyo usiniambie mtu wa skrini ni mtazamaji wa sekunde tatu, wengine tunakaa pale lisaa limoja tunazungusha ile picha na kipanya, tunatafuta mahali ambapo babu alikuwa akikaa.

Pamoja na hayo, na hapa nakuunga mkono mwenye mada ingawa sipendi, kwenye skrini huvui viatu. Hukai chini kwenye mikeka. Huinui macho kuhesabu zile duara 52 za darini za koo za Buganda shingo ikakuuma, huoni lile pazia la lubugo, hiyohiyo barkcloth, halafu mama mmoja anakwambia kwa sauti ya chini nyuma yake ni msitu na wafalme wako msituni. Mgeni wa mtandaoni anaona yote na hakatazwi chochote, na mimi sijui kama kuona bila kukatazwa ndiyo kuona Kasubi.

Mzee mstaafu wa jeshi, Arua:

Vijana shikamooni wote hata kama mimi ndiye mkubwa.

Mnabishana vizuri ila nyote mko Kampala, hata wewe mwalimu wa Masindi kwetu sisi uko karibu. Kutoka Arua mpaka hiyo Kira Road yenu ni basi la usiku mzima, daraja la Karuma na nyani wake, nauli kwenda na kurudi kwa mtu mwenye watoto wanne ni ng'ombe. Geti halinihusu. Haya, simu. Mwaka 2018 mkatuwekea kodi ya mitandao shilingi 200 kwa siku, 2021 ikaondolewa tukapigwa asilimia 12 kwenye data yenyewe, video ya dakika kumi inamaliza bando la mtoto wa watu. Simu nayo hainihusu sana. UNESCO walisema 2020, wakati wa korona, kwamba Afrika na zile nchi za visiwa vidogo ni asilimia 5 tu ya makumbusho zilizoweza kuweka kitu mtandaoni. Asilimia 5! Sasa hilo shindano la geti na simu mnalichezea nani?

Mimi naona mmesahau redio. Mtu wa makumbusho akija studio huku akaongea saa moja kwa Kilugbara juu ya mambo ya wazee wetu, soko zima linasikia, mama anayeuza samaki anapiga simu kubishana naye kwamba hapana, mkuki ule haukutengenezwa hivyo. Nani anamhesabu yule mama? Hana tiketi, hana laiki. Na yeye peke yake ndiye aliyesahihisha makumbusho.

Zile za mikoa, Soroti, Moroto, Kabale, naona ni wazo zuri, ziongezwe. Nimemaliza.

Fundi kompyuta, Ntinda:

Marahaba na shikamoo kwa pamoja mzee 🙏 hiyo ya redio imenikalia vibaya, hakuna programu ya kuhesabu mama wa samaki.

Mwanasheria, Nakasero:

Mimi nataka kuwatisha kidogo nyote mnaopenda namba. Mnakumbuka mwaka 2011 hivi, mpango wa kujenga jengo la biashara la ghorofa 60 palepale kwenye kiwanja cha Uganda Museum? Kelele zilipigwa, watu wakaenda mpaka mahakamani, na jengo la 1954 mpaka leo limesimama. Sasa fikiria kama kipimo pekee kingekuwa geti. Mwenye maduka angesema tu, sokoni kwangu wanaingia kwa siku moja watu unaowapata wewe kwa miezi, nipishe. Ungemjibu nini? Ndugu yangu wa Kamwokya geti lako linaweza kukunyonga.

Lakini kipimo cha simu ni kibaya zaidi, na hapa naongea kama mtu anayefuatilia mambo ya kurudisha mali zilizochukuliwa. Makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, wana vitu vya Uganda kama 1,500. Juni 2024 vilirudi 39, tena kwa mkopo wa miaka mitatu, japo mlango wa kubaki moja kwa moja haukufungwa. Sasa siku tukikubali kwamba mtazamaji wa mtandaoni ni sawasawa na mgeni wa getini, jibu la vile vingine litakuwa rahisi sana: mnavitaka vya nini, picha si mnaziona? Waganda elfu ngapi wamefungua katalogi yetu mwezi huu, tayari mmeshatembelea. Vitu vya Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda, vilirudishwa 1962 kutoka hukohuko wakati wa uhuru, vyenyewe, sio picha zake. Hakuna mtu aliyesema wakati ule tupigieni fotokopi mtutumie.

Mjukuu wa Kasubi:

Banange. Hilo sikuwa nimeliwaza.

Mwenye mada, Kamwokya:

Dada mwanasheria umenipiga halafu ukanisaidia, sijui nikushukuru wapi.

Naongeza moja kabla sijarudi nyuma kidogo kwenye msimamo wangu. Klaus Wachsmann, yule aliyekuwa mtunzaji wa Uganda Museum miaka ya mwisho ya 1940 mpaka ya 50, alizunguka nchi hii akirekodi muziki, na zile rekodi ziko British Library London, walikuwa wameziweka mtandaoni mtu unasikiliza bure. Mimi nilikuwa msikilizaji kweli, nakiri, usiku navaa earphone nasikiliza wazee wa kabla ya baba yangu kuzaliwa. Oktoba 2023 maktaba ile ikadukuliwa, seva zikaanguka, ukurasa ukafa. Kasubi iliungua kompyuta ikabaki, London jengo limesimama imara na kompyuta ndiyo iliyoungua. Kwa bahati nakala ziko Makerere, unapanda mlima unaomba usikilizishwe. Tumerudi kwenye geti!

Kwa hiyo nabadilisha hivi, sitaki tena hesabu ya mtandaoni ifukuzwe kwenye ripoti. Nataka iwe na ukurasa wake, isijumlishwe na geti hata siku moja, na iandike watu wamekaa muda gani, wangapi wamerudi tena, wangapi wameandika kusahihisha kama yule mama wa Arua. Hata geti liandike hivyohivyo, mtoto amekaa dakika ngapi na ameuliza nini. Neno "kufikia" lipigwe marufuku kabisa, kufikia ni kazi ya basi.

Mwalimu, Masindi:

Ukipiga marufuku "kufikia" wengi watakosa la kuandika, ila naunga mkono. Nani sasa atasimama pale mlangoni kumuuliza mtoto ameuliza nini? Mlinzi? Mishahara yenyewe mnaijua.

Halafu sikumalizia ile ya wale wawili waliolala. Mmoja sasa yuko S4, sekondari mwaka wa nne. Wiki jana kanitumia kwenye WhatsApp video ya watu wanapiga amadinda, kaitafuta mwenyewe kwa ajili ya somo la muziki, ananiuliza mwalimu, hizi zilikuwepo siku ile mliyotupeleka? Nikamwambia zilikuwepo, ulikuwa mita hamsini. Anasema likizo atapanda basi aende mwenyewe. Sasa nyinyi wataalamu, huyu anahesabiwa mara ngapi?

Fundi kompyuta, Ntinda:

Mwalimu muulize kwanza kama alikuwa na VPN. Inawezekana ni Mholanzi.