Kitalu nyumba cha uani: nichague sato au kambale, kokoto au stairofomu?

Uani_Kijani
Wakuu, habari za humu. Nina kitalu nyumba cha mita 5 kwa 10 nyuma ya nyumba. Nyanya sitaki tena, mnyauko umeshaingia kwenye udongo na kila zikianza kuzaa zinalala. Nataka kuhamia akwaponiki, samaki na mboga kwenye mzunguko mmoja wa maji. Fundi anataka malipo ya awali Jumamosi hii na amenipa njia mbili: matenki ya lita 1000 yenye vitanda vya kokoto juu yake, au mifereji ya maji ambayo mboga zinaelea kwenye stairofomu, yale mabamba mepesi ya povu. Halafu samaki: sato au kambale? Nafikiria nianze na 300. Bajeti milioni 3. Wenye uzoefu naombeni msaada.

FundiMabomba
Mkuu, uko mkoa gani? Maji ya bomba, kisima au mvua? Umeme ukikatika unakaa muda gani bila kurudi? Matenki mangapi? Bila hayo unatubahatishia na sisi tutakubahatishia.

Hao 300 kama ni tenki moja, hapana. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa mifumo midogo ya nyumbani wanashauri kilo 10 hadi 20 za samaki kwa kila lita 1000. Ni kama sato 40 wa nusu kilo, na hapo umefika mwisho.

MamaSato_Mwanza
Weka sato. Anauzika kila mahali, watoto wanamla, na anavumilia makosa ya mtu anayeanza. Ila nunua vifaranga vya madume watupu. Ukichanganya na majike wanazaana wakiwa bado wadogo, tenki linajaa vitoto na hakuna anayefika kwenye sahani. Chakula chao kiwe na protini asilimia 30 hivi wakishakua, vifaranga wanahitaji zaidi.

Kambale_Moro
Sato wa mama namheshimu, lakini umeme ukikatika saa nane usiku tuone nani ataamka mzima. Kambale ana kiungo cha kuvuta hewa, anapanda juu anavuta, anashuka. Sato kwenye tenki lililojaa anaweza kuanza kufa kabla hujajua kwamba pampu imezima. Mimi nafuga kambale Morogoro na sijawahi kutamani kubadilisha.

MamaSato_Mwanza
@Kambale_Moro waeleze basi na yale mengine. Kambale wakipishana ukubwa wanakulana. Usipofunika tenki kwa neti wanaruka nje usiku, asubuhi unawaokota chini. Na watu wengi mjini bado wanamsema ana harufu ya matope.

Kambale_Moro
Harufu ya matope ni ya bwawa, mama, hata sato wa bwawa chafu anayo. Waweke kwenye maji safi siku chache bila chakula kabla ya kuwachinja, harufu inapungua sana. Kulana ni kweli, ndiyo maana tunawatenga kwa ukubwa.

Uani_Kijani
Nawajibu kwa pamoja. Niko Arusha, maeneo ya Njiro. Maji ni ya kisima cha jirani, tunavuta kwa bomba. Umeme unakatika, mara nyingine usiku mzima. Fundi alisema tuanze na matenki mawili, moja la samaki na lingine tulikate tufanye vitanda. Matenki anayaleta yeye.

Tengeru_01
Arusha na kisima! Hilo ndilo lilipaswa kuwa swali la kwanza, kabla hata ya samaki. Pima maji hayo kwanza. Visima vingi kuzunguka Mlima Meru vina fluoridi kuliko miligramu 1.5 kwa lita ambazo WHO imeweka kwa maji ya kunywa, na vingi vina chumvichumvi za magadi, kwa hiyo pH (kipimo cha asidi na magadi kwenye maji, 7 ni katikati) inakuwa juu.

pH ndiyo itakayokuamulia. Kinyesi cha samaki kinatoa amonia, bakteria wanaigeuza nitriti kisha nitrati, na mboga zinakula nitrati. Lakini amonia ile ile inabadilika ukali kulingana na pH. Maji yakiwa na nyuzi 25 na pH 7, sehemu yenye sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5, na kwenye pH 9 inapita theluthi. Halafu pH ikizidi 7.5 mboga hazipati chuma, majani machanga yanakuwa ya njano wakati maji yamejaa mbolea.

Ushauri wangu ni uvune mvua. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 10 ni lita 1000. Changanya na ya kisima mpaka ufike karibu na 7. Asidi ya kushusha pH usimwage kwenye tenki lenye samaki.

Na baridi je? Kuanzia Juni usiku Njiro unaujua. Sato anataka nyuzi 27 hadi 30. Chini ya 20 hali chakula vizuri, na asipokula mboga nazo hazipati chakula. Zika tenki nusu ardhini, udongo utalishikia joto.

FundiMabomba
Afadhali sasa tunaongea. Kwa anayeanza mimi nachagua kokoto. Kitanda cha kokoto chenye kina cha sentimita 30 kinachuja uchafu na kinawapa bakteria makao palepale. Stairofomu ni nzuri ukitaka saladi nyingi, ila inataka tenki la kuchuja taka kabla maji hayajafika kwenye mizizi, na inataka hewa kwenye mifereji pia. Kila unachoongeza kinategemea umeme.

Kokoto uzipime kwa siki. Zikitoa povu zina chokaa, zitakupandishia pH kila siku, zikatae. Hapo Arusha mna bahati ya mawe ya volkano yenye matundu, mepesi na bakteria wanayapenda. Kokoto za kawaida, kitanda cha mita moja ya mraba kinakaribia nusu tani kabla ya maji. Muulize fundi stendi anajenga kwa mbao zipi.

Bi_Mchicha
Naomba niseme la matenki, maana hakuna aliyeligusa na mtu wetu ameandika "anayaleta yeye".

Yale meupe yenye fremu ya chuma yanayouzwa kando ya barabara yalishabeba kitu. Mimi niko Kibaha, nilinunua moja linang'aa, lebo imebanduliwa. Muuzaji akaapa lilikuwa la mafuta ya kula. Tukaliosha kwa maji ya moto, tukalijaza, tukamwaga, tukajaza tena. Nikawalea bakteria kwa utaratibu wote: amonia ikapanda ikashuka, nitriti ikapanda ikashuka, nitrati ikatokea. Nikaweka vifaranga vya sato, wakawa wanakula kwa fujo.

Joto la Januari lilipokuja wakaanza kujitenga pembeni, wanageuka ubavu, mmoja mmoja. Napima, amonia hakuna. Nitriti hakuna. pH 7. Pampu inafanya kazi, hewa inatoka. Nikabadilisha chakula, haikusaidia. Mwisho nikamwita afisa uvuvi. Alifika mchana, jua kali, akainama kwenye mdomo wa tenki akaniambia, "Mama, nusa hapa." Harufu ya dawa ya wadudu ilikuwa inatoka kwenye plastiki yenyewe. Plastiki ile inafyonza kemikali, ukiosha unaondoa iliyo juu tu, ikipata joto inaitoa kidogo kidogo. Samaki waliisha wote. Saladi tuliifukia, hata kuku sikuwapa. Muuzaji nilipomrudia alisema yeye hununua mnadani, hajui kilichokuwemo.

Mkuu, tenki lisilo na lebo lisiingie uani kwako. Likiwa na kibandiko cha pembe nne cha hatari, pia lisiingie. Hiki ni chakula cha familia yako.

Kambale_Moro
Pole sana Bi_Mchicha. Hii iwekwe juu kabisa ya uzi.

Tengeru_01, hiyo fluoridi inaingia kwenye samaki?

Tengeru_01
Inakaa zaidi kwenye mifupa kuliko kwenye mnofu. Anayekaanga mpaka mifupa inatafunika ndiye aangalie. Lakini kwa huku kwetu hatari kubwa ni maji ya kunywa yenyewe, na magadi tunayoweka kwenye makande na maharage.

MamaSato_Mwanza
Magadi tena? Makande bila magadi yanachukua kuni za wiki nzima!

Tengeru_01
Loweka mahindi na maharage usiku kucha, mama. Magadi mengi ya kaskazini yana fluoridi nyingi na meno ya watoto tunayaona yanavyokuwa ya kahawia. Kwa hili sipunguzi neno.

Shamba_Darasa
Mimi nauliza, kwa nini hayo yote? Chimba shimo, tandika turubai la bwawa, fuga samaki, maji yake mwagilia mboga kwenye viroba vyenye udongo mpya. Pampu ikizima mboga hazifi. Milioni 3 inabaki na chenji.

FundiMabomba
Kwa mwenye maji ya kutosha ni sawa. Kwa anayevuta kwa jirani, akwaponiki inarudisha maji yaleyale, unaongeza yanayopotea tu. Na mnyauko ukiingia kwenye viroba tumerudi pale pale.

Shamba_Darasa
Mnyauko unaweza kusafiri na maji pia, mkuu, na kwenye mzunguko mmoja mimea yote inakunywa chungu kimoja. Miche ndiyo ya kuangaliwa.

Uani_Kijani
Asanteni sana. Nimempigia fundi kumuuliza lebo za matenki, anasema "ni ya chakula" ila picha hajatuma. Malipo ya Jumamosi nimeyasimamisha. Kati ya sato na kambale bado sijaamua, mke wangu anataka sato, mimi umeme ndio unaonitisha. Betri na inveta ndogo kwa pampu ya hewa peke yake, inatosha usiku mzima? Na vipimo vya amonia hapa Arusha vinapatikana duka gani?

Kambale_Moro
Pampu ya hewa inakula wati chache, betri ya kawaida inaibeba. Angalia wati zilizoandikwa kwenye pampu yako ndipo upige hesabu.

Bi_Mchicha
Vya mabwawa ya kuogelea vinapima klorini na pH tu, visikudanganye. Vya amonia na nitriti waulize wanaouza samaki wa mapambo. Na ukishaanza, hata mwarobaini usipulizie mboga bila kuuliza, unaua samaki.