Ulinganisho: njia za kupunguza mng'ao wa ngozi katika picha za watu zilizopigwa nje

Mwangaza_Pembeni (mleta mada)
Habari zenu wadau. Nina picha za familia zilizopigwa nje jua likiwa utosini. Watu wazima wawili wanang'aa kwenye paji la uso, puani na juu ya mashavu, kiasi kwamba jicho la mtazamaji hukimbilia madoa hayo meupe kabla ya kuwaona wenyewe. Faili ni za RAW, yaani data ghafi ya kamera kabla ya kuchakatwa. Njia ninazozisikia ni tatu: kushusha vitelezi vya mwanga mkali (Highlights) katika programu ya Lightroom, kufunika madoa kwa zana ya kuponya (Healing Brush) au muhuri wa kunakili (Clone Stamp) katika programu ya Photoshop, na kutenganisha umbile la ngozi na rangi yake. Ningependa kujua ipi inafaa wapi, kwa kuwa kila anayeeleza yake huisifia kana kwamba nyingine hazipo.

Fundi_Leya
Ndugu mleta mada, tuanze na mng'ao wenyewe. Mwanga unaofika usoni hurudi kwa namna mbili: sehemu yake huzama kidogo ndani ya ngozi, hutawanyika humo na kutoka ikiwa imebeba rangi ya ngozi, na sehemu nyingine huakisiwa juu juu na utando wa mafuta na jasho, ikarudi na rangi ya chanzo cha mwanga. Ndiyo maana doa la jua la mchana ni jeupe, la jua linalozama lina umanjano, na la mtu aliyesimama kivulini chini ya anga wazi lina ubuluu. Ukilishusha kwa kitelezi peke yake, unatia giza kitu ambacho tangu awali hakikuwa na rangi ya ngozi, na unachopata ni doa la kijivu. Kwangu mimi kijivu hicho ni kibaya kuliko mng'ao, kwa sababu humfanya mtu aonekane mgonjwa.

Hata hivyo kitelezi kina kazi yake. Tazama histogramu (grafu ya mwangaza) ya kila chaneli, yaani nyekundu, kijani na buluu. Katika ngozi, chaneli nyekundu kwa kawaida ndiyo hufika ukomo kwanza, na ikiwa kijani na buluu bado zina taarifa, programu ya RAW huweza kurudisha mengi. Mahali ambapo chaneli zote tatu zimegota 255, kiwango cha juu kabisa, hata baada ya kushusha mwangaza, hapana cha kurudisha. Hapo ngozi itaazimwa kutoka jirani.

Brashi_Nyepesi
Nakubaliana, na kwa kuazima mimi huanza na muhuri wa kunakili, si zana ya kuponya. Zana ya kuponya hulinganisha rangi na mwangaza wa eneo linalozunguka doa, jambo ambalo ni zuri katikati ya paji la uso lakini huleta uchafu karibu na nywele au nyusi, kwa sababu huvuta weusi wake ndani ya ngozi.

Muhuri nauweka katika modi ya kutia giza (Darken), kwenye leya tupu, yaani tabaka tupu juu ya picha, nguvu ya asilimia 15 hadi 20, na sampuli naichukua kwenye ngozi iliyo pembeni kabisa mwa doa. Modi hiyo hugusa tu pikseli zenye mwangaza zaidi kuliko sampuli, hivyo vitundu vya ngozi na mikunjo iliyo myeusi zaidi hubaki ilivyo. Puani nahitaji uangalifu zaidi: mstari mwembamba wa mwanga juu ya mfupa wa pua nauacha, kwa kuwa ndio unaoonyesha kwamba pua imeinuka, kisha napunguza tu upana wake na lile doa la duara kwenye ncha. Mwishoni nashusha nguvu ya leya nzima (Opacity) hadi mng'ao urudi kidogo.

Kivuli_Kirefu
Mimi natetea kutenganisha umbile na rangi. Nakala mbili za picha hupangwa juu ya ile ya asili. Ya chini hufifishwa hadi vitundu vipotee, na ya juu hubakiwa na umbile tupu kwa kutoa ile iliyofifishwa (kwa amri ya Apply Image ya Photoshop, katika picha ya biti 8: kipimo, Scale, 2 na nyongeza, Offset, 128), kisha huwekwa katika modi ya mwanga wa mstari (Linear Light). Baada ya hapo unapaka rangi ya ngozi kwenye leya ya chini kwa brashi laini, na vitundu vya juu havitikisiki. Wanaotumia GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, wanacho kichujio cha kugawa picha kwa mawimbi (Wavelet Decompose) kuanzia toleo la 2.10, na mantiki yake ni ileile. Shavu zima linapong'aa, hakuna njia inayokwenda haraka kama hii.

Fundi_Leya
Ni kweli kwa mng'ao wa wastani. Kwa doa lililoungua kabisa leya ya juu haina vitundu vyovyote vya kulinda, na ukipaka rangi chini yake unapata kiraka laini cha plastiki. Hapo lazima unakili umbile pia, kwenye leya ya juu, kutoka sehemu ya uso huohuo yenye vitundu vya ukubwa unaofanana. Vya shavuni havikai vizuri kwenye paji la uso.

Mwangaza_Pembeni
Nashukuru. Mmoja wao ana ngozi nyeusi sana, na nilipoondoa mng'ao wote uso ulikuwa bapa. Tena picha ni nyingi.

Brashi_Nyepesi
Ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache kutoka ndani, kwa hiyo mwakisiko wa juu ndio unaochora sehemu kubwa ya umbo la uso. Acha kiini cha mng'ao, ondoa ukungu mpana unaokizunguka, na urudishe rangi yenye joto kwenye ukingo. Kuhusu wingi, tengeneza maski ya Lightroom (eneo teule la kuhaririwa) inayochagua ngozi kwa kiwango cha mwangaza, shusha mwanga mkali kidogo, ongeza joto la rangi, kisha unakili mpangilio huo kwa picha zote huku ukiikagua maski kila picha. Muhuri na leya viwe kwa zile zitakazochapishwa kwa ukubwa.

Kamera_Begani
Niongeze la kabla ya kompyuta. Mwakisiko wa juu hupolaraiziwa, yaani mawimbi yake hutikisika zaidi upande mmoja, hasa mwanga unapogonga kwa pembe ya nyuzi 55 hivi tukipima kutoka mstari uliosimama wima juu ya ngozi, kwa hiyo filta ya polaraiza mbele ya lenzi huukata kwa gharama ya stopu 1 hadi 2 za mwanga (kila stopu ni nusu ya mwanga). Uso ni mviringo, hivyo itasafisha shavu moja na kuacha pua. Usiizungushe filta hadi mwisho, ngozi itaonekana haina uhai. Karatasi laini ya kukandamiza jasho, bila kusugua, hufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Fundi_Leya
Na kunoa picha kuje baada ya haya yote, si kabla, kwani kunoa huinua tena kingo za madoa ambayo umeshayalainisha. Kagua matokeo kwa ukubwa mdogo wa picha. Ukiikuza hadi asilimia 100 kila mtu anang'aa.