Mrejesho: Trauti wa ziwani kwa chambo cha manyoya, theluji ikidondoka

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama kuna maana ya kumfuata trauti wa ziwani (lake trout, samaki wa maji baridi) mwisho wa msimu kwa ufito wa kuvulia na chambo cha manyoya, au nimwache kwenye kina mpaka mwakani. Mliosema "maji yakipoa anapanda mwenyewe" mlikuwa sahihi. Kiangazi nilimsaka bure. Huyu samaki hapendi maji yanayozidi nyuzi 10 au 12 hivi za Selsiasi, basi hujificha chini kabisa.

Safari hii nilisimama ukingoni, penye mawe yanayoshuka ghafla kwenye kina. Mshipi wa kuzama, chambo cheupe kirefu cha kuiga samaki mdogo. Saa mbili sikuguswa. Kosa lilikuwa langu: nilivuta haraka mno. Nilipoanza kuhesabu hadi 20 ili chambo kizame kabla ya kuvuta, kisha kuvuta polepole na kutulia, samaki wakashika mara mbili. Mmoja alikata mshipi, wa pili nilimtoa na kumrudisha bila kumwinua kwenye ile baridi, maana macho na matamvua (anayopumulia) huganda upesi.

Barafu kwenye pete za ufito, zile anamopita mshipi, ndiyo iliyonitesa. Ushauri wa kutumbukiza ncha majini ulisaidia kuliko mafuta niliyopaka. Glavu zisizo na vidole, sirudii tena!

Aliyeniambia nikague kanuni kwanza, asante. Sehemu niliyoitaka mwanzo ilishafungwa kwa sababu samaki walikuwa wakitaga mayai.