Mrejesho: Machiavelli, baada ya kusoma kitabu chenyewe

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama kuna haja ya kusoma kitabu cha Machiavelli, mwandishi wa siasa wa Italia ya miaka 500 iliyopita, kuhusu mtawala, wakati nimeshaangalia filamu tatu za historia ya mji wake wa Florence chini ya akina Medici, familia iliyoutawala. Wengi mlisema soma, kenyewe kana sura 26 fupi tu. Nimesoma, mara mbili.

Nikiri, nilikuwa nimelishwa nusunusu. Filamu zote tatu zilinipa ule mstari wa sura ya 17, kwamba heri mtawala aogopwe kuliko kupendwa. Hakuna iliyoongeza kwamba hiyo ni pale anaposhindwa kupata vyote viwili, na kwamba hapohapo anaonywa asichukiwe, asiguse mali za watu, maana mtu husahau kifo cha baba yake upesi kuliko kupotea kwa urithi. Hapo nilicheka peke yangu.

Ila filamu sizitupi. Ndizo zilizonionyesha kwamba 1512, akina Medici waliporudi madarakani, Machiavelli alipoteza kazi yake serikalini, 1513 akafungwa na kuteswa kwa kuning'inizwa, mikono imefungwa mgongoni, na mwaka huohuo akaanza kuandika. Ukijua hilo, yale maneno ya mwanzo ya kumkabidhi kitabu Lorenzo de' Medici, mtawala wa Florence wakati huo, yanasomeka kama barua ya kuomba kazi. (Muziki wa huzuni wangepunguza, lakini.)

Mkuu uliyenishauri nianze na Plato, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, samahani, nimekwama pale mhusika wake Thrasymachus anapofoka kwamba haki ni faida ya mwenye nguvu. Sasa niko kwenye tafakuri za Machiavelli juu ya Livy, mwanahistoria wa Roma ya kale, ambako Machiavelli huyuhuyu aliyemshauri mtawala anasifia jamhuri, yaani nchi isiyo na mfalme. Nimechanganyikiwa upya, safari hii kwa raha.