Krismasi imegeuka msimu wa ofa, nyie majumbani mnafanyaje?

Mama_Pacha
Habari zenu wapendwa, mnivumilie uzi utakuwa mrefu kidogo maana hili jambo limenikaa kooni tangu mwaka jana. Mimi na mume wangu ni watu wa kanisani kweli, sio wale wa ubatizo na maziko tu, lakini usiku wa mkesha mwaka jana nimekaa kwenye benchi kichwani napiga hesabu, nani nimemnunulia nani bado, wifi atanuna, karatasi ya kufungia imeisha, na huku mbele wanasoma Luka 2. Nakuja kushtuka tumeshafika kwa wachungaji kule makondeni. Yaani Yesu kazaliwa mimi sikuwepo.

Kesho yake nikawauliza pacha wangu (wana miaka sita), Krismasi ni nini? Mmoja akasema ni siku ya mtoto Yesu, akatazama usoni kwangu kuona kama amepatia. Mwenzake akasema ni siku ya kufungua. Kufungua nini? Kufungua tu.

Sasa mwaka huu nataka nibadilishe lakini sijui pa kuanzia. Simu inaita ofa tangu mwezi wa kumi, katuni zao zote ni yule mzee wa ndevu, na sitaki nyumba yangu iwe ile nyumba ya "hapa hatufanyi", watoto wakue wakidhani Yesu ndiye anayewakatalia zawadi. Nimenunua sanamu za pango la Noeli, nilisikia kuna watu huacha hori tupu mpaka mkesha, nikaona wazo zuri. Nimefungua boksi, mtoto kagandishwa na gundi kwenye hori hatoki 😂 Hata hapo nimefeli. Nipeni uzoefu wenu.

Nyundo_77
Yesu hakuzaliwa Disemba 25. Sikukuu ya kipagani hiyo, acha kuisherehekea, tatizo limeisha.

Katekista_Mstaafu
Nyundo, kila mwaka unaleta hoja hii kama vile sisi tunashika cheti cha kuzaliwa. Biblia haitaji tarehe, hilo tunalijua wote. Kumbukumbu ya zamani inayoeleweka ya 25 Disemba ni ya Roma, iko kwenye kalenda iliyokusanywa mwaka 354 na orodha yenyewe inarudi nyuma mpaka 336. Wapo wanaosema iliwekwa kushindana na sikukuu ya jua ya kaisari Aurelian wa mwaka 274, wapo wanaosema wale wazee walihesabu miezi tisa kutoka 25 Machi, siku waliyoiamini kuwa ndiyo Mariamu alipata mimba. Wasomi bado wanavutana. Tuiache hapo, mama wa watu kauliza kitu kingine.

Mama Pacha, mimi nimefundisha watoto wa komunyo miaka mingi na nitakwambia kitu kimoja, usipigane na sokoni, sokoni watakushinda wana hela ya spika. Wewe badilisha kalenda. Kanisa halikupanga Krismasi ianze mwezi wa kumi wala wa kumi na moja. Kuna Majilio kwanza, Jumapili nne, ya kwanza inaangukia kati ya 27 Novemba na 3 Disemba, na ni kipindi cha kusubiri, ndio maana padre anavaa zambarau kama Kwaresima, isipokuwa Jumapili ya tatu pale anapotokea na rangi ya waridi mkaanza kucheka. Jumapili zote nne hizo wimbo wa Utukufu (Gloria) hauimbwi. Ule Utukufu unaowatoa watu machozi usiku wa mkesha, kengele zinalia, hauwatoi machozi kwa sababu kwaya imejitahidi sana, ni kwa sababu ulifungiwa. Sasa mtu ambaye ameimba nyimbo za Noeli tangu Oktoba ukifika mkesha atashangilia nini, ameshashiba.

Halafu upande wa pili, watu wanaifunga Krismasi tarehe 25 jioni wakati ndiyo kwanza imeanza. Tarehe 26 ni Stefano shahidi, 28 ni wale watoto waliouawa na Herode, inaenda hivyo mpaka Mamajusi tarehe 6 Januari. Sokoni 26 wameshashusha mapambo, hiyo nafasi ni yako mwenyewe, hakuna anayekugombania.

Kwa hiyo kwangu ilikuwa hivi. Mti haupambwi mpaka wiki ya mwisho. Mishumaa minne mezani, kila Jumapili unaongezeka mmoja, watoto wanagombania kiberiti (simamia). Mamajusi hawaweki miguu pangoni, wanaanzia mbali juu ya kabati na kila siku mtoto mmoja anawasogeza kidogo, kuna siku niliwakuta bafuni nikaambiwa wamepumzika kuoga. Zawadi nyingine zinatunzwa mpaka wafike, maana hao ndio walioleta zawadi. Na ukiwasomea Mathayo 2 waambie wahesabu Mamajusi ni wangapi, watagundua Biblia haijasema watatu na kwamba waliingia nyumbani, si zizini. Mtoto akigundua kitu mwenyewe hakisahau.

Hiyo ya hori tupu usiionee aibu. Fransisko wa Asizi alipofanya lile pango lake kule Greccio, Italia, mwaka 1223, aliyeandika maisha yake anataja hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Sanamu hazitajwi kabisa.

Dada_wa_Kaunta
Mimi naomba niseme upande wangu maana huwa hatuulizwi. Nafanya kazi dukani. Ule muziki mnaoulalamikia nyie mnausikia dakika ishirini mnatoka, mimi nasikia saa tisa kwa siku wiki nane, ni nyimbo kama kumi na mbili tu zinazunguka, nikisikia kengele zile nageuza shingo kama vile nimeitwa. Mwaka juzi kuna baba alisimama mbele yangu na foleni nyuma yake akanihutubia kwamba tumemuuza Yesu, na mkononi ameshika bidhaa tano za ofa. Nikamwambia asante karibu tena.

Mkesha tunafunga usiku, nafika kanisani wameshamaliza masomo, nakaa mlangoni na sare ya kazi na miguu imevimba. Na niwaambie ukweli, mara nyingine nafikiri hao wachungaji wa Luka nao walikuwa zamu ya usiku. Hawakuwa wamevaa wakapendeza wakaja, walitokea kazini.

Kwa hiyo Mama Pacha ukitaka pa kuanzia, nunua mapema kile unachonunua, usije tarehe 24 saa ya mwisho. Si kwa ajili ya roho yako tu, kwa ajili ya yangu pia.

Mama_Pacha
@Dada_wa_Kaunta umenimaliza. Mimi ndiye wa tarehe 24 saa ya mwisho. Nisamehe.

Mzee_Kobe
Nitapingana kidogo na hewa ya uzi huu. Kulalamika kwamba watu wanafurahi vibaya siku ya kuzaliwa Bwana ni mchezo wa zamani na haujawahi kuisha vizuri. Uingereza mwaka 1647 Bunge la Wapuritani (Waprotestanti wenye msimamo mkali) lilifuta Krismasi kabisa, ulevi umezidi, haimo kwenye Maandiko, n.k. Massachusetts, kule Marekani, nao 1659 wakaweka faini ya shilingi tano kwa atakayekamatwa anaisherehekea, sheria ikakaa mpaka 1681. Nia nzuri kabisa. Wakaitakasa mpaka ikapotea. Na mnajua iliporudi ilirudi na nini.

Zawadi zenyewe hazina kosa. Nikolasi alikuwa askofu wa Myra, iko Uturuki ya leo, karne ya nne, na kisa kinachosimuliwa sana juu yake ni baba aliyefilisika mwenye mabinti watatu wasio na mahari, Nikolasi akawarushia dhahabu dirishani usiku. Usiku! Ili asijulikane. Huyo ndiye yule mzee wa ndevu kabla hajanenepeshwa. Badala ya kuwaambia watoto ni uongo mtupu wape kisa chake tarehe 6 Disemba ambayo ndiyo sikukuu yake, halafu wafanye kitu cha siri kwa mtu bila jina. Pacha wa miaka sita kutunza siri ni kazi kweli kweli, hapo watatokwa jasho kuliko wewe na bajeti yako.

Kinachoniudhi mimi si zawadi, ni kulipiza. Wewe umenipa cha kiasi fulani na mimi lazima nirudishe cha kiasi hicho. Hiyo ni biashara ya kubadilishana tu tumeifunga utepe.

Mama_Pacha
Mzee Kobe hapo kwenye kulipiza umegusa ndoa yangu. Kwa upande wa wifi zangu ndivyo ilivyo, mtu anapima. Nikiacha nitaonekana mchoyo au nimefulia. Mnatokaje hapo bila ugomvi?

Mke_wa_Fundi
Sema mapema na aseme mume wako, wewe usitangulie kabisa dada yangu, ni ndugu zake. Sisi tulituma meseji mwezi wa tisa, mwaka huu watu wazima tunavuta karatasi, kila mmoja anapata jina moja tu anamnunulia huyo basi, watoto waachwe kama kawaida. Nilijua wataniweka kikao. Kumbe watatu walijibu ndani ya dakika tano, "afadhali". Wote walikuwa wamechoka, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Mmoja alinuna, bado ananuna, lakini huyo hata tulipokuwa tunampa alikuwa ananuna.

Kuhusu gundi, usivute utamvunja shingo. Weka kwenye maji ya moto (sio yanayochemka) dakika kumi, kisha pitisha uzi wa kusafishia meno kati ya mgongo na hori kama unakata, taratibu. Fundi wangu ndivyo anavyotoa vitu. Kama ni plasta usiloweke, itayeyuka, tumia uzi mkavu tu.

Nyundo_77
Mimi bado nasema si tarehe yake. Ila hiyo ya Mamajusi bafuni nimecheka.

Katekista_Mstaafu
Karibu tarehe 6 Nyundo, hiyo ni ya Mamajusi, hapo hatugombani.

Mama_Pacha
Mrejesho. Ni plastiki, nimeloweka, uzi umekatika mara mbili, wa tatu ukapita. Ametoka, ila kaondoka na nyasi kidogo mgongoni. Nimemzungushia leso nikamficha kwenye droo ya soksi za baba yao. Yule wa "kufungua" ameona hori tupu akaniuliza yuko wapi, nikamwambia bado hajafika. Sasa kila asubuhi akiamka kabla hajanisalimia anaenda kuchungulia kwanza.